Kutoka Moroto Hadi Lodwar: Mtoto Ajifunza kwa Wanyama wa Nchi Kavu

Mtoto aliyezaliwa kando ya Ziwa Kyoga huyajua maji kabla hajajua kusema. Huoga humo, huvua humo, hutumwa kuchota humo, na akikaripiwa hukaripiwa kwa kuyachezea. Mtoto wa namna hiyo apelekwapo kuishi katika nchi kavu, huwa kama mgeni asiyezijua desturi za nyumba. Hana kosa, lakini asipofundishwa upesi atadhurika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti mmoja wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la nne, ambaye baba yake, sajini wa polisi, alipata uhamisho kutoka nchi ya Wateso kwenda Moroto, kaskazini-mashariki ya Uganda. Mama yake alikuwa amesomea ualimu. Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, familia hiyo ilialikwa Lodwar, Kenya, ambako mdogo wake mama ni muuguzi. Walipanda lori la mfanyabiashara mmoja, baba akiwa juu ya magunia pamoja na utingo, na mama na mtoto mbele pamoja na dereva. Chini ya kiti mama aliweka jerikeni ya maji ya lita 20, na binti akaweka daftari lake la sayansi.

Katika daftari hilo yalikuwamo maneno haya, yaliyotiwa alama ya vema: "Ngamia huweka maji katika nundu." Mama aliyaona jioni ya kuamkia safari, akatabasamu, akanyamaza. Alijua kwamba njia ya Lodwar ingeyasahihisha bila yeye kuinua kalamu.

MTEREMKO WA MPAKANI

Mji wa Moroto umekaa miguuni mwa mlima wenye jina hilohilo, uliopanda mita 3,083 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki njia huzunguka vilima, hupita Lokitanyala mpakani, kisha huanza kuteremka kuingia Kenya. Msafiri huhisi kwamba anashuka kabla ya kuona. Masikio huziba, na upepo uliokuwa baridi asubuhi huwa kama pumzi ya tanuri. Miti hupungua kimo. Majani mapana hutoweka, yakabaki yale madogo ya migunga, na penye majani mawili pana miiba minne.

"Mama, mbona miti hii imekasirika?" aliuliza binti.

"Haikukasirika, mwanangu. Inaona haya kupoteza maji. Jani pana ni mlango ulioachwa wazi. Maji hutoka humo mchana kutwa. Mti huu umefunga milango yake."

Tofauti ya nchi hizi mbili inaonekana vyema kwa hesabu. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Lodwar hupata kama milimita 200 tu, na mara nyingi hazitimii. Joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 karibu kila siku ya mwaka, na mji wenyewe uko mita 500 tu hivi juu ya bahari. Mvua ikija, huja kwa ghadhabu saa moja au mbili, mabonde yakafurika, na kesho yake hubaki mchanga.

Kituo cha kwanza kilikuwa Lokiriama. Mahali hapa ni padogo, lakini watu wa usalama wa pande zote mbili za mpaka wanapajua. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakaramoja, walipatana hapa kuacha kuuana na kunyang'anyana mifugo. Mapatano hayo yangali yakikumbukwa hadi leo, na tarehe 12 Septemba 2019 marais wa Uganda na Kenya walishuhudia mjini Moroto kutiwa sahihi mkataba wa amani na maendeleo kwa wakazi wa mpakani. Ugomvi wa watu hao ulihusu ng'ombe, lakini nyuma ya ng'ombe palikuwa na majani, na nyuma ya majani palikuwa na maji.

Sajini alimwonyesha binti yake wanawake waliokuwa wakichota maji kutoka katika shimo refu lililochimbwa mchangani, mmoja akimpasia mwenzake bakuli. Mama, kwa kuwa ni Mteso, aliwasikia wakitaja neno, akashtuka kwa furaha. Kwao maji ni akipi. Kwa Waturkana ni ngakipi. Lugha hizo ni ndugu, na katika safari ndefu za mababu waligawana njia, wengine wakaelekea maziwani na wengine nyikani. Neno la maji hakuna aliyeliacha nyuma.

KAMONGO NA NGAMIA

Karibu na kisima hicho ngamia saba walikuwa wakinyweshwa. Binti aliwahesabu, kisha akahesabu karai alizomiminiwa mmoja wao, hata akachoka. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa kama lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Yaani jerikeni tano kama ile iliyokuwa chini ya kiti.

"Sasa anayajaza katika nundu," alisema binti kwa uhakika.

Mwalimu aliyefunzwa vyema hamwambii mtoto "umekosa" kabla hajamtafutia daraja la kuvukia. Mama alianza na kile ambacho mtoto alikijua.

"Wamkumbuka kamongo?"

Nani wa Kyoga asiyemkumbuka kamongo? Samaki huyo huvuta hewa kama sisi, na bwawa likikauka hujizika matopeni, akajifunika kwa ute wake unaokauka ukawa kama mfuko, akaacha tundu dogo la kupumulia. Aweza kulala humo miezi mingi, hata mvua irudi. Binti alikuwa amemwona babu yake akimchimbua kwa jembe.

"Je, kamongo aliyelala humo hunywa nini?"

"Hanywi kitu."

"Na hula nini?"

Binti alifikiri. "Hajila mwenyewe?"

"Ndivyo. Hula akiba ya mwili wake. Basi na nundu ya ngamia ni akiba, lakini si maji. Ni mafuta. Penye njaa hula hayo, na nundu ikalala upande kama gunia tupu. Wanyama wengine hueneza mafuta mwili mzima, na mafuta huzuia joto lisitoke, kama blanketi. Ngamia ameyaweka yote mgongoni, mwili uliobaki ukapata kupoa."

Hapo likaja swali ambalo kila mtoto mwerevu huliuliza: maji basi yako wapi? Jibu ni kwamba ngamia hana hodhi la siri popote. Siri yake ni kutoyapoteza maji, na kustahimili kuyakosa. Binadamu akiwa mzima joto lake ni nyuzi 37, na likipanda kidogo tu hutokwa jasho. Ngamia aliyenyimwa maji huamka asubuhi akiwa na nyuzi 34, huacha mwili upate joto pole pole mchana kutwa hadi hukaribia nyuzi 41, ndipo anapoanza kutoa jasho kwa wingi. Usiku joto hilo hutoka lenyewe bila kugharimu tone. Pua zake huzuia unyevu wa pumzi usitoke wote. Mkojo wake ni mchache na mzito, na mavi yake ni makavu. Mambo haya yalipimwa kwa makini na mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, miaka ya 1950.

Ama kuhusu kustahimili, ngamia aweza kupoteza maji yafikayo robo ya uzito wake akaendelea kutembea. Binadamu akipoteza kiasi cha nusu ya hicho katika joto la jangwani hufa, maana damu yake huwa nzito, moyo ukashindwa kuisukuma. Chembe za damu ya ngamia si duara kama zetu. Zina umbo la yai, hupita katika damu iliyozidi uzito, na anywapo maji mengi kwa ghafla huvimba bila kupasuka.

Binti alitoa daftari, akakata neno "maji", akaandika juu yake "mafuta". Kisha akauliza kama mwalimu wake angekasirika. Mama alimwambia amwonyeshe kwa adabu, amweleze na sababu. Mwalimu mwema hushukuru.

WANYAMA WASIOUONA MTO

Walipokuwa wakiondoka Lokiriama, mzee mmoja wa Kiturkana aliomba nafasi. Alikuwa na fimbo, shuka, na kigoda kidogo cha mti ambacho mchana hukalia na usiku hukifanya mto wa kulazia kichwa. Alijua Kiswahili cha kutosha. Dereva alimpandisha juu pamoja na sajini, na kila lori liliposimama, mzee huyo aliteremka akawa mwalimu wa pili.

Mnyama wa kwanza waliyemwona alikuwa digidigi, mdogo kama mbuzi mchanga, mwenye pua ndefu kama mkonga uliokatwa. Alisimama chini ya kichaka cha mswaki, akatazama, akaruka. Pua hiyo ndiyo chombo chake cha kupozea damu: hupumua haraka haraka, na unyevu wa ndani ya pua huipoza damu ipitayo hapo. Digidigi aweza kukaa muda mrefu bila kunywa, akitosheka na umande pamoja na maji yaliyomo katika majani na matunda. Swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani mabichi ya juu, huishi vivyo hivyo.

Mzee alimtaja choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki miwili. Zamani, alisema, walionekana makundi kwa makundi. Sasa ni bahati kumwona mmoja. Mama aliongeza habari alizosoma. Miaka ya 1960, nchini Kenya, mtaalamu C. Richard Taylor aliwachunguza choroa, akaona kwamba mwili wao waweza kupata joto la nyuzi 45 kwa saa kadhaa bila kudhurika. Joto hilo lingeua ubongo wa wanyama wengi. Lakini damu ya choroa iendayo kichwani hupita kwanza katika mtandao wa mishipa myembamba, karibu na damu iliyopozwa puani, ikafika kwenye ubongo ikiwa na joto dogo zaidi. Tena choroa hula usiku, kwa sababu majani makavu yasiyo na kitu mchana huvuta unyevu wa hewa wakati wa ubaridi. Jani lilelile ni chakula kikavu saa sita mchana, na ni chakula chenye maji usiku wa manane.

"Mchana choroa hufanya nini?" aliuliza binti.

"Akipata mti husimama kivulini," alijibu mzee. "Mchana ni wa jua. Usiku ni wetu."

Wengine hawaonekani mchana hata kidogo. Panya wa mchangani na nge hukaa mashimoni. Panya wengine huziba mlango kwa udongo, na unyevu wa pumzi zao ukabaki chumbani. Mchanga wa juu waweza kupita nyuzi 60, lakini shimoni mahali pa kina cha mkono mmoja huwa pamepoa sana. Mbuni hawezi kuingia shimoni, naye amepewa njia yake. Huinua mabawa na kuacha mapaja yake matupu yapigwe na upepo, na wakati wa jua kali huwafanyia makinda yake kivuli kwa mabawa hayohayo.

Ndege aliyemshangaza binti kuliko wote ni firigogo, mwenye rangi ya mchanga, asiyepita ukubwa wa njiwa kwa mbali. Hutaga chini nyikani, mbali na maji, ili adui wanaovizia kwenye visima wasiyaone makinda yake. Makinda hayawezi kuruka kwenda kunywa. Basi baba yao huruka hadi kwenye maji, hata kama ni mbali kilomita 20 au 30, huingia na kuloweka manyoya ya kifuani na tumboni, yaliyosokotwa kwa namna ya kushika maji kama sifongo. Kisha hurudi, na makinda huyafyonza manyoya hayo. Jambo hilo liliandikwa na Mwingereza aliyeitwa Meade-Waldo mwaka 1896, nao wataalamu wengi walilikataa, hata mwaka 1967 wengine walipokwenda jangwani wakalithibitisha.

Binti alimtazama baba yake juu ya magunia, vumbi limemjaa hata nyusi zimekuwa nyeupe, akacheka.

LORI LAGOMA

Waliipita Lorengippi, jua likiwa limekaribia utosini, ndipo mvuke ulipotoka mbele ya lori. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Asubuhi ulikuwa umevuja kidogo, na dereva, bila kusema, alikuwa ametumia nusu ya maji ya jerikeni kuongeza. Sasa zilibaki kama lita 10, watu ni sita, na hapakuwa na gari jingine lililoonekana mbele wala nyuma.

Dereva alitaka maji yaliyobaki. Mama aliishika jerikeni kwa mikono miwili. "Ndugu yangu," alimwambia, "rejeta iliyopasuka ni gunia lililotoboka. Ukitia lita kumi, tutakwenda kilomita tatu, kisha tutasimama tena, na maji hatuna." Dereva alikasirika, kisha akaona haya, akaingia chini ya lori kutafuta namna ya kuufunga mpira.

Sajini ni mtu aliyezoea kutenda. Alikaza kamba za viatu, akavaa kofia, akasema atatembea kwenda mbele kutafuta msaada. Alikuwa mwenye nguvu, na moyoni aliona haya kukaa chini huku mkewe na mtoto wako katika shida. Ni jambo la kawaida kwa mwanamume mwenye ari, na nyikani ari hiyo imeua wengi. Mtu atembeaye juani saa saba mchana katika joto la namna hiyo aweza kutokwa jasho la lita nzima kwa saa moja, au zaidi. Baada ya saa tatu au nne bila maji ya kutosha kichwa huuma, miguu hulegea, na lililo baya kuliko yote, akili hupotea kabla mwenyewe hajatambua. Ndipo mtu anapoiacha njia.

Binti hakujua hesabu hizo. Alishika mkono wa baba yake, akasema, "Baba, choroa husimama kivulini. Na choroa anaweza nyuzi 45. Wewe ni 37."

Juu ya lori utingo alianza kucheka, akanyamaza. Mzee wa Kiturkana alikuwa tayari ameketi juu ya kigoda chake, upande wa kivuli. Hakusema neno. Sajini alimtazama mtoto, akaitazama njia iliyokuwa ikitetemeka kwa joto, akavua kofia, akaketi.

Waliyoyafanya baadaye wangeweza kuyafanya watu wengine wowote, nayo yafaa kukumbukwa. Walitandaza turubai kutoka ubavuni mwa lori, wakapata kivuli kipana. Hawakulala juu ya ardhi tupu, maana ardhi ina joto kuliko hewa. Waliteremsha magunia na kukaa juu yake. Hawakuvua nguo; walijifunika kwa nguo pana, kama Waarabu wa jangwani wafanyavyo, ili jua lisiguse ngozi na jasho lisikauke kabla ya kupoza mwili. Walinyamaza, wakapumua kwa pua. Mama aligawa maji kidogo kidogo, akimwanzia mtoto, wala hakuwazuia kunywa walipokuwa na kiu. Maji yaliyomo mwilini hufanya kazi. Maji yanayoachwa ndani ya jerikeni mpaka mtu azimie hayamsaidii mtu huyo. Kinachobanwa ni jasho. Hakuna aliyeiacha gari, kwa sababu gari huonekana kutoka mbali, na mtu mmoja haonekani.

Saa za alasiri zilikuwa ndefu. Binti aliugua kichwa kidogo, mama akamlowesha kitambaa shingoni. Hakuna aliyesimulia hadithi.

NDEGE WA MAGHARIBI

Jua lilipozama, hewa ilibadilika kama mtu aliyefungua dirisha. Ndipo ndege kadhaa walipopita juu yao kwa kasi, wakilia, wote upande mmoja. Kisha wengine, na wengine tena, katika giza lililokuwa likiingia. Wapo firigogo waendao kunywa asubuhi, na wapo wale wangojao giza ili mwewe asiwaone.

Binti aliinuka. "Mama, ni wale?"

Mzee naye alikuwa amesimama, akiwafuata kwa macho. Alimweleza sajini kwamba upande ule kuna laga, yaani mto mkavu, na katika laga hiyo visima vya watu wake. "Kisima nakijua tangu nilipokuwa mtoto," alisema. "Nilichokuwa sikijui ni kama mwaka huu kina maji. Hawa wamenijibu."

Mwezi ulipopanda, mzee na utingo walichukua jerikeni tupu ya dereva, wakaenda. Sajini alitaka kwenda nao, lakini mzee alimwambia abaki na familia; njia ile ilimjua yeye. Walirudi kabla ya mapambazuko, wamebeba maji ya rangi ya chai yenye harufu ya udongo, na nyuma yao kijana mmoja mwenye punda aliyebeba mengine. Mama aliyachuja kwa kanga na kuyachemsha. Dereva alikuwa ameufunga mpira kwa vipande vya tyubu na waya. Rejeta ilijazwa, na kwa mwendo wa pole, wakisimama kila mara kuipoza, waliingia Lodwar kabla ya saa sita.

Binti alimpa mzee sehemu yake ya mkate. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akamega, akamrudishia nusu.

UVUMILIVU NAO UNA MWISHO

Lodwar iko kando ya Mto Turkwel, wenye mikoma mirefu kwenye kingo zake. Maji yake hutoka Mlima Elgon, katika mpaka huohuo wa Uganda na Kenya, na huko juu mto huitwa Suam. Hivyo mvua inyeshayo karibu na mashamba ya kahawa ya Wagisu ni jirani wa maji yanayomnywesha ngamia wa Mturkana. Mto huo huelekea Ziwa Turkana, ambalo hadi mwaka 1975 liliitwa Rudolf, ziwa kubwa lisilo na mto wa kutokea. Maji huingia, mengi yakitoka Mto Omo wa Ethiopia, na hayatoki ila kwa jua. Kwa hiyo yamekuwa ya magadi. Binti aliyaonja, akatema.

Huko Lodwar mama mdogo wake alimsimulia habari ambayo ni lazima isemwe, ili mtoto asidhani kwamba wanyama hawa wameushinda ukame moja kwa moja. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika kaskazini ya Kenya, kusini ya Ethiopia na Somalia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 walikufa ndovu 205, na punda milia wa Grevy 49, mnyama ambaye duniani pote wamebaki maelfu machache tu. Hata ngamia walikufa. Maumbile yamewapa wanyama hao mbinu za kuvuka mwezi mkavu, na hata mwaka mkavu. Hayakuwapa mbinu za kuishi pasipo mvua kabisa, wala pale ambapo visima vyao vimezungushiwa uzio na malisho yao yamekwisha.

"Waliokufa walikosea nini?" aliuliza binti.

"Hawakukosea, mwanangu," alijibu mama yake mdogo. "Deni lilikuwa kubwa kuliko akiba."

KWA WAZAZI WALIO KAZINI MIPAKANI

Askari na polisi huhamishwa, na watoto wao huhamishwa pamoja nao. Leo ni ziwani, kesho ni mlimani, keshokutwa ni nyikani. Mzazi hufungasha vyombo na magodoro, akasahau kwamba mtoto naye anahitaji kufungashiwa maarifa ya mahali aendako. Afundishwe jina la maji kwa lugha ya wenyeji. Afundishwe kukung'uta viatu asubuhi, maana nge hupenda giza. Afundishwe kwamba laga iliyo kavu si uwanja wa kuchezea wakati mawingu yanaonekana mlimani, kwa kuwa maji hufika kabla ya mvua. Afundishwe kutokwenda popote peke yake bila chupa ya maji, na akipotea, akae kivulini alipo, apige kelele jioni wakati sauti husafiri. Na zaidi ya yote aachwe aulize, kwa kuwa mtoto aliyeruhusiwa kuuliza siku moja aweza kumjibu baba yake kwa wakati.

Familia hiyo ilirudi Moroto kwa gari jingine, usiku. Shule zilipofunguliwa, binti alimpelekea mwalimu wake daftari. Mwalimu alisoma ule mstari uliosahihishwa, akauliza ni nani aliyemwambia, naye akajibu kwamba ni mama yake, na mzee mmoja, na ngamia saba. Mwalimu aliichukua chaki, akaandika sentensi hiyo ubaoni kwa darasa zima, neno "mafuta" akalipigia mstari.

Na nyumbani kwa sajini, karibu na mlango, siku hizi husimama jerikeni mbili. Moja ni ya matumizi. Ya pili haiguswi isipokuwa kwa safari, na anayeikagua kila jioni kama imejaa ni mtoto.